Jiko la Yunis, Dari ya Kristofa

Yunis alikwisha kulipita kanisa na kuanza kuteremka njia ya Vuga, sufuria mbili kichwani, jembe begani, kuku wake mtetea amembana kwapani, wakati mwanawe Kornelio alipotokea kwa chini akitoka Lushoto. Kila Jumamosi kijana huyu alikuja nyumbani kutoka shule ya ufundi kuchukua chakula cha juma. Alipomwona mama yake na mzigo ule akasimama katikati ya njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea, kuku anachoka."

"Unakwenda wapi na sufuria?"

"Kwa mjomba wako. Mengine kamuulize baba yako. Yuko nyuma hapo, anajifanya anakagua migomba ya watu."

Kornelio akatazama juu. Kweli, baba yake Kristofa alikuwa amesimama pembeni mwa njia, mikono nyuma, akilitazama jani la mgomba ambao si wake. Alikuwa amemfuata mkewe toka nyumbani, lakini kwa mwendo wa mtu aendaye zake, ili majirani wasiseme anamkimbilia mwanamke.

"Amefanya nini?"

"Alfajiri nimewasha moto nipike uji. Moshi ukanirudia usoni wote. Natoka nje kukohoa, namwona baba yako juu ya ngazi, anashindilia gunia kwenye bomba la moshi. Amenifukiza, Kornelio. Amenifukiza kama nyuki." Akavuta pumzi. Macho yake yalikuwa mekundu, na kope za jicho la kushoto zilikwisha pukutika siku nyingi. "Bibi yako alikufa haoni, kwa sababu ya mafiga matatu na moshi. Mimi sirudi kwenye moshi. Mwambie hivyo. Akilivunja lile jiko, aoe mwanamke mwenye macho ya kupoteza."

"Mama, ngoja kwanza nizungumze naye."

"Zungumza. Mimi nitakuwa Vuga nasikiliza." Akampita. Kuku akalia kidogo, akanyamaza.

Kristofa aliona ameshindwa kumrudisha hata kwa macho. Akauacha mgomba wa watu, akamngoja mwanawe afike. Hakuipokea shikamoo yake vizuri, aliimeza tu.

"Umesoma sana, mwanangu. Njoo uone kazi ya kusoma kwako."

*

Jiko lenyewe Kornelio alilijenga mwaka huo huo, ule ambao mabwana shamba walikuwa wakizunguka milimani kulazimisha watu wachimbe matuta. Shuleni kwake kulikuwa na desturi ya kualika watu wa kazi za uchoraji waje kuzungumza na wanafunzi: mchora majengo, mchora samani, mchora herufi za vibao vya maduka. Mara moja akaja mama mmoja wa Kizungu kutoka Nairobi ambaye kazi yake ilikuwa kuchora nyumba. Akawaonyesha picha ya jiko la udongo na matofali, lina mdomo wa kuni, na bomba linalotoa moshi nje ukutani. Wanafunzi walipiga makofi. Kornelio hakupiga; mikono yake ilikuwa na kazi. Aliinakili ile picha mpaka tofali la mwisho, na ilipofika likizo akalijenga nyumbani.

Lilivuta moshi wote. Yunis alipika siku ya kwanza huku akiimba, akawaita jirani zake waje waone jiko lisilo na machozi. Kristofa naye alivimba kwa fahari. Jumapili, watu walipokuwa wakiagana nje ya kanisa, aliwaambia wanaume wenzake, "Mwanangu ameliambia jiko, peleka moshi nje, nalo limetii."

Sasa alikuwa amesimama jikoni, akinyoosha mkono wake juu, kwenye dari.

Dari ya jiko katika nyumba zile ilikuwa ghala. Mahindi yakivunwa, mwanamume alipanda na kuyafunga mafungu kwa maganda yake, akayaning'iniza juu ya fito, na moto wa mkewe ukawaka chini yake mwaka mzima. Chini palikuwa pa mwanamke. Juu palikuwa pa mwanamume. Yunis hajapata kupanda kule toka aolewe, na Kristofa hajapata kukaa kwenye kigoda kile cha kupikia.

Kristofa alipanda, akavuta fungu moja, akalitupa chini. Lilipogonga sakafu, unga ukamwagika wenyewe, bila kinu wala jiwe. Wadudu wadogo weusi wakatawanyika wakitafuta pa kujificha.

"Fukusi," alisema kutoka juu. "Chakula hicho. Na mbegu hii hapa, angalia." Fungu lingine likaanguka. "Juma lililopita nimeshuka Magoma kununua mahindi. Mimi, Kristofa, mwenye mashamba. Mchuuzi ananiuliza, mzee, huko juu mvua iligoma? Nikasema ndiyo. Nimesema uongo kwa sababu ya jiko."

Kornelio aliokota hindi moja, akaligeuza. Lilikuwa jepesi kama manyoya.

"Zamani moshi ulipita humu, ukatokea pembeni mwa paa. Hata mdudu mmoja hakukaa. Wewe umeutoa nje, ukawape nani? Ndege?"

"Baba, ungeniambia mapema."

"Ningekwambia nini? Nilijua mimi? Moshi ulikuwa upo tu. Mtu unaanza kuuliza habari zake ukishaondoka."

Mlangoni pakasikika mtu akisafisha koo. Alikuwa Mwanaisha, jirani wa ng'ambo ya kijito, amekuja kuomba kaa la moto kama kawaida yake.

"Hodi. Baba Kornelio, leo jikoni uko wewe? Yunis je?"

"Amekwenda kumtazama kaka yake."

"Na sufuria?" Mwanaisha akauliza kwa upole mkubwa sana. Akachukua kaa lake, akaenda, na kabla hajavuka kijito wanaume wale wawili walimsikia akicheka peke yake.

Kristofa akashuka. "Jumamosi ijayo nalipasua," alisema. "Nitarudisha mafiga. Mama yako akitaka arudi, asitake akae na kaka yake. Mjomba wako amekwisha sema mara mbili kwamba dada yake hapa anateswa; sasa atapata la kusemea mbele ya wazee."

"Na macho yake?"

Kristofa akayatazama yale mafungu sakafuni. "Na tumbo lako?" akauliza. "Kila Jumamosi unakuja na mfuko mtupu. Ukiondoka Jumapili huwa umejaa nini?"

Juma lile Kornelio alirudi Lushoto na mihogo.

*

Jumatano mwalimu wao Selemani aliwakusanya tena. Mgeni wa safari hii alikuwa Omari, mtu wa Tanga, mchora kanga. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi alikuwa akimlipa achore, na michoro yake ikipelekwa ng'ambo kupigwa chapa. Wanafunzi walitegemea mtu wa suti. Aliingia mzee mfupi, kanzu na koti, furushi la nguo chini ya mkono. Nyuma kabisa, Issa, kijana mrefu kuliko wote na mwenye mdomo, akanong'ona, "Huyu amekuja kutuuzia."

"Siuzi," Omari akasema. "Hizi hazikununulika. Ndiyo maana ninazo."

Wakacheka. Akafungua furushi.

"Mwalimu ameniomba nizungumze habari za kazi zangu nzuri. Nzuri mnazijua, mama zenu wamejifunga. Mimi nimewaletea zile zilizorudi. Wewe mrefu unayenong'ona, njoo. Jifunge hii. Si hivyo, wewe! Hujapata kumwona dada yako?"

Issa akajifunga kanga. Mezani ilikuwa nzuri hasa: pindo la maua kuzunguka, na katikati, mahali wachoraji wanapopaita mjini, nanasi moja kubwa la manjano lenye majani yake.

"Sasa tembea uende mlangoni."

Issa alitembea, na darasa likaanguka chini kwa kicheko. Nanasi lilikuwa limemkaa barabara juu ya makalio, na kila hatua lilikuwa likicheza.

"Mmeona," Omari akasema, akingoja watulie. "Mimi nililichora likiwa limelala mezani. Mezani halina makalio. Marobota yakarudi, tajiri akaninunia, mke wangu naye akaniuliza, Baba Mwajuma, wewe hujatazama mwanamke akienda zake hata siku moja? Nikaenda nikakaa sokoni Ngamiani juma zima, natazama viuno vya wake za watu. Bwana mmoja akanikamata kola. Nikamwambia niko kazini. Akazidi kukasirika."

Hata Mwalimu Selemani alifunika mdomo kwa mkono wenye chaki.

"Kwanza niliwauliza wale wanawake, mnataka kanga gani? Wakasema nzuri. Wote, nzuri. Utachora nini hapo? Nikabadili. Nikauliza, dada, hii kanga jana uliifanyia nini? Ah! Wakafunguka. Mmoja alibebea mtoto. Akajitanda msibani. Akafungia mchele. Akajifunika na mumewe. Kumbe nguo moja ina wenyewe wengi, na mimi nilikuwa nimemchorea mmoja tu, yule aliyesimama mbele ya kioo hatikisiki."

Kornelio aliinuka. Alinyoosha mkono kabla hajajua atasema nini.

"Bwana Omari, mimi nimejenga jiko."

"Fukusi!" mtu akapiga kelele kutoka pembeni, maana habari ya mihogo ilikwisha enea bwenini, na jina lilikuwa limekwisha mshika. Darasa likacheka tena, ila kicheko cha namna nyingine. Kornelio aliendelea kusimama. Akaeleza yote: picha ya yule mama wa Nairobi, bomba, mahindi, gunia, njia ya Vuga. Sauti ilimpotea mara moja tu, alipofika kwenye kuku.

Omari hakucheka. Alikaa juu ya ukingo wa meza.

"Jiko lilivuta?"

"Lilivuta sana."

"Mama alifurahi?"

"Sana."

"Yule mama wa Nairobi alikosea?"

Kornelio akafikiri. "Hapana. Kwao mahindi hayalali jikoni."

"Vizuri. Sasa huyu moshi, kabla hujamfukuza, alikuwa na kazi gani mle ndani?"

"Kuumiza macho."

"Na?"

"Na kukausha mahindi."

"Mahindi ya nani?"

"Ya nyumba."

"Nyumba haipandi darini. Nani anapanda?"

"Baba."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kama analipenda jiko. Akasema analipenda."

"Kama mimi na wanawake wangu. Nzuri!" Omari akatikisa kichwa. "Sikiliza, kijana. Mimi majiko siyajui. Nikikwambia jenga hivi, nitakudanganya, na mama yako atabaki Vuga. Ulikwenda na picha ya yule mama. Usiondoke hapa na picha yangu mimi. Nenda kakae jikoni kwenu. Usichore. Tazama nani anafanya nini, chini na juu. Na wewe mrefu, vua kanga yangu, umekwisha ipenda."

Baada ya kengele Kornelio alimwendea Mwalimu Selemani, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani mapema. Mwalimu alimtazama kidogo. "Nenda," alisema. "Na ukirudi utawaeleza wenzako. Hasa yule aliyeita fukusi."

*

Alimkuta baba yake juu ya kigoda, akipika ugali wa muhogo kwa mara ya kwanza toka azaliwe. Gunia lilikuwa limetolewa kwenye bomba. Kristofa aliona aibu kwamba amekutwa hivyo, akakazana kusonga kwa hasira.

"Umekuja kucheka?"

"Nimekuja kukaa, baba. Pika tu."

"Nipike unaniangalia kama mnyama?"

"Ndiyo."

Kristofa akaguna, akaendelea. Unga ulimrukia mkononi, akaruka. Baadaye, kwa kuwa mtoto yule alikuwa kimya na haandiki kitu, akaanza kusema mwenyewe. Kwamba kigoda ni kifupi mno. Kwamba joto linapiga kifuani. "Na moshi haupo," akasema ghafla, akitazama huku na huku. "Mtu unaweza kukaa hapa." Akageuza mwiko. "Mama yako amekaa hapa miaka yote na ule moshi, sijui vipi."

"Na wewe, baba, ulikuwa ukifanya nini kule juu? Siku kwa siku."

Kristofa alimpandisha kumwonyesha. Hapa nageuza mafungu, alisema, yale ya pembeni nayaleta katikati, maana katikati ndipo moshi mzito. Mbegu naziweka hapa. Hapa penye mwanga ndipo moshi unapotokea. Kornelio alipiga magoti juu ya fito, akatazama chini. Aliliona jiko kupitia nyufa, na kigoda, na sufuria. Hakuwahi kuiona nyumba yao kutoka kule.

"Baba, hizi nyufa za nini?"

"Za kupitisha moshi. Upande juu."

"Na kama moshi una njia yake nyingine ya kupanda, nyufa za nini?"

Kristofa alichelewa kuelewa, kisha akaelewa, kisha akakataa. "Utatuchomea nyumba. Ulete moto darini, chini ya paa la nyasi?"

"Moshi, si moto."

"Cheche hazijui tofauti."

Hapo walibishana mpaka ugali ukapoa. Siku iliyofuata walianza kazi. Kornelio aliziba tundu la ukutani, akalipandisha bomba kwa ndani, kando ya ukuta, likatokeza darini. Habari ya cheche ndiyo iliyowashinda, mpaka Kristofa mwenyewe akakumbuka kwamba Mwanamisi mfinyanzi ana vyungu vilivyopasuka motoni. Akaenda kumwomba kimoja, akasema ni cha kunyweshea kuku. Wakakitoboa, wakakifunika juu ya mdomo wa bomba, cheche zigonge humo na kufa. Sakafu ya dari wakaikandika udongo, kila ufa.

Jaribio la kwanza walitia majani mabichi motoni. Moshi ukapanda vizuri, ukakaa kidogo, halafu ukashuka wote kwa pamoja kupitia tundu la ngazi, ambalo hakuna aliyelikumbuka. Wakatoka mbio, mmoja huku, mmoja huku, wakikohoa na kufuta machozi. Kristofa alijishika magoti, akaanza kucheka. Mwanawe hakukumbuka lini alimsikia akicheka vile.

"Kama nyuki," Kristofa alisema. "Hivi ndivyo nilivyomfanya?"

"Hivi hivi."

Kicheko kikaisha. Akaenda mwenyewe kuchonga kifuniko cha mbao cha lile tundu.

*

Yunis hakukubali kuja kwa maneno. Kornelio alikaa barazani kwa mjomba wake kule Vuga, akaeleza akichora vumbini kwa kijiti. Mjomba alitazama mchoro ule akasema, "Dada yangu si wa kufanyiwa majaribio."

"Niache nikaone," Yunis akasema. "Nitasimama mlangoni. Moshi ukinigusa, nageuka hapo hapo. Kuku namwacha hapa."

Siku hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi ya kulipasua jiko. Walifika mchana. Kristofa alikuwa amefagia uwanja, jambo ambalo Mwanaisha alilitangaza kijito kizima, hata wakaja wanawake watatu kuomba kaa la moto kwa wakati mmoja. Mkewe alipomkaribia, Kristofa alisema, "Umefika," kama mtu apokeaye barua posta.

"Nimefika. Huu mlango. Nasimama hapa."

Kornelio aliwasha moto. Akatia kuni kavu, kisha mbichi. Yunis alisimama kizingitini ameshika nguo yake usoni tayari. Akangoja. Akaishusha nguo. Akaingia hatua moja. Akakivuta kigoda, akakaa, akabandika maji, akakodoa macho kwenye moto kama anayeudai kitu. Kristofa alishindwa kusimama pale, akapanda darini, akafunga kifuniko nyuma yake.

Maji yakachemka.

"Kornelio," Yunis akasema polepole, "moshi uko wapi?"

Kabla hajajibu, kikasikika kikohozi kikubwa juu ya vichwa vyao, na sauti ya Kristofa ikipita katika udongo, nene, yenye furaha: "Uko huku! Wote uko huku kwangu! Fukusi wanakimbia, mama Kornelio!"

Wanawake wale mlangoni walicheka mpaka wakashikana. Yunis alijizuia. Alimimina unga, akakoroga, akaonja. "Mwambie baba yako ashuke kabla hajakauka," alisema. "Na wewe kesho unifuatie kuku wangu."

*

Mahindi ya mwaka ule hayakuokoka ila machache, na Kristofa alishuka Magoma mara nyingine tena kununua. Mbegu alizipata kwa ndugu zake wa Bungu. Dari ilikandikwa upya kila baada ya masika, na bomba lilianguka mara moja, likajengwa tena. Mwanaisha alijengewa jiko kama lile; halikuvuta vizuri, akarudi kwenye mafiga. Nyumba nyingine chache kijijini zililipata, nyingi hazikulipata.

Omari hakualikwa tena Lushoto. Alichora kanga mpaka yule tajiri alipofunga duka, akafia Tanga. Mwalimu Selemani alihamishwa. Issa aliacha shule, akawa utingo wa lori la mboga. Kornelio alimaliza, akaajiriwa Korogwe kuchora madawati na makabati, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu.

Kristofa alikufa kabla ya mkewe, kwa homa. Jicho la kushoto la Yunis lilipotea kidogo kidogo. La kulia lilimtosha mpaka uzeeni, akawatambua wajukuu wake wote kwa sura. Vuga alikwenda tena mara kwa mara, kwa harusi na kwa misiba, na kila mara alirudi.